Peni Tatu kwa Jina

Februari, Evesham. Jalidi imeshika vioo vya banda,
nami nimeinamia trei mia mbili za miche
isiyo na majina.

Majina yalikuwepo. Niliyaandika mwenyewe mwezi wa tisa
kwa kalamu nene iliyoapa kwenye kifuniko chake
kwamba haifutiki.
Mvua ya Oktoba ikayalamba, kijua kikamalizia,
leo kila kijiti ni cheupe kama jino la mtoto.

"Mwanamvua," anasema Bi Tolley, niliyemweleza siku ya kwanza
maana ya jina langu,
"nilidhani wewe na mvua ni ndugu."
Hacheki. Ninayecheka ni mimi.
Kisha ananihesabia pauni mia nne:
tafuta mashine.

Printa ya wino wa maji ni rahisi kununua, ghali kuishi nayo.
Nilichapa "Lavenda", nikaitumbukiza lebo ndooni usiku kucha.
Asubuhi maji yalikuwa ya zambarau:
lavenda ilikuwa ndoo.

Ya leza, herufi zake kavu, zimesimama wima,
lakini joto liliikunja plastiki nyembamba
ikanasa tumboni mwa mashine kama ganda la kitunguu kooni.
Ile ndogo ya risiti haitaki wino kabisa.
Lebo yake niliiweka dirishani wiki mbili;
jina likarudi lilikotoka.

Ikabaki ya utepe.
Gethin wa dukani alinifunza kwa simu, taratibu,
kama mtu anayeposa kwa niaba ya mwingine:
utepe wa nta ni wa maboksi,
wa nta na resini ni wa ghalani,
wa resini tupu ndio wa nje, wa jua na samadi.
"Ila usiuoze kwa karatasi. Hawatapatana."
Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha:
roli, utepe, vijiti elfu sita,
peni tatu kila jina.
Akika yangu iligharimu mbuzi mzima.

Nikisafisha meza ili mashine ipate pa kukaa
nikalikuta debe la biskuti la marehemu Cyril, mumewe.
Ndani, vipande vya alumini alivyovikata kwa mkasi kwenye makopo,
ameviandika kwa penseli, penseli tu, ya darasa la kwanza.
Miaka thelathini na kitu ya udongo.
Kila herufi inasomeka.

Nikaketi. Pauni mia nne zikanitazama.

"Yeye alikuwa anaandika kumi kwa saa," Bi Tolley akasema, yuko mlangoni,
"na chai katikati. Wewe una elfu sita kabla ya Pasaka.
Usimwonee haya."

Kimoja kilisema:
*Sijui. Nilipewa na mama wa kituo cha basi, Pershore, 1988.
Maua meupe. Usitupe.*

Upo bado, nyuma ya tangi, shina limekuwa gumu kama goti.
Hatujawahi kuuuza. Utauuzaje mti usiojua kuitwa?

Mashine ilifika Alhamisi.
Nilipaswa kuanza na kinachotoka: nyanya, salvia, jeranium.
Nikaandika kwanza SIJUI,
na mama wa kituo cha basi, na mwaka, na maua meupe.
Mashine haikuuliza. Ikakohoa, ikatoa kijiti,
herufi nyeusi tii, bado zina uvuguvugu.

Bi Tolley akakisoma mara mbili,
akalowesha kidole gumba kwa mate, akasugua,
akasugua tena kwa nguvu, kama mtu anayetaka kushindwa.
Hakikufutika.

"Bei?" nikauliza, maana pembeni pana nafasi ya bei.
Akakifikiria kijiti.
"Acha wazi."

Nje imeanza kunyesha.
Nimekichomeka nyuma ya tangi,
nimesimama bila mwavuli,
naitazama mvua ikijaribu.